Ukimkuta mtoto wa bundi kwenye ploti: cha kufanya, hatua kwa hatua

Mtoto wa bundi akionekana asubuhi chini ya mti au nyuma ya choo, ploti nzima hukusanyika. Mmoja ameshika jiwe, mwingine anapiga picha, wa tatu anakuja na kikombe cha maziwa. Waondoe wote watatu. Funga mbwa, fungia paka ndani. Usitangaze kwenye grupu la mtaa pia: wanaoamini bundi ni mkosi bado ni wengi, Nakuru na Kisumu kote, na watafika kabla ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori.

Hatua ya 1: Mtazame ukiwa mbali

Simama hatua kumi hivi. Damu, bawa linaloning'inia, kulala ubavu, nzi wanaomganda au mayai yao meupe kwenye manyoya: huyo anahitaji daktari, nenda hatua ya 5. Aliyetoka mdomoni mwa paka naye ni mgonjwa hata usipoona kidonda, kwa kuwa jino la paka huacha tundu dogo sana lenye bakteria ndani. Anayejitutumua, akatandaza mabawa, akafoka na kugonganisha mdomo tak-tak ni mzima. Anakutisha tu.

Hatua ya 2: Jua ni bundi gani

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu ushauri wa "mwache tu" unamfaa mmoja na kumuua mwingine.

Bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo na macho meusi huzaa juu ya silingi, kwenye minara ya makanisa, maghala na mashimo ya miti. Watoto wake hukoroma usiku kucha wakidai chakula, na wenye nyumba hudhani ni nyoka. Akianguka kabla ya kujua kuruka, kwa kawaida wazazi hawashuki kumlisha chini. Ukimwacha hapo atakufa njaa, au mbwa watamwahi. Huyu lazima arudishwe juu.

Bundi mkubwa mwenye macho ya manjano na vishungi viwili kichwani ni habari nyingine. Mtoto wake hutoka kiotani akiwa na wiki sita hivi, kabla hajaweza kuruka vizuri. Hutembea, hujificha kwenye majani, hupanda shina lililoinama kwa makucha na mdomo, na wazazi humfuata na panya popote alipo. Bundi wa msituni, yule asiye na vishungi anayekaa Kakamega na kwenye miti mikubwa ya kando ya mito, hulea vivyo hivyo. Hao waache. Kama yuko njiani au penye mbwa, msogeze hadi kwenye tawi la karibu, basi. Saa moja jioni zima taa na uchungulie dirishani; mzazi akija, kazi yako imeisha.

Hatua ya 3: Kumshika

Mdomo unatisha, lakini kinachoumiza ni makucha. Vaa glovu za ngozi, au chukua taulo nzito. Mfunike mwili mzima pamoja na kichwa, maana akiwa gizani hutulia. Kusanya mabawa yakae ubavuni, kisha dhibiti miguu yote miwili. Akikunasa kidole usivute: kano za miguu yake hujifunga, na kuvuta kunazidisha. Unyooshe mguu wake taratibu, makucha yatalegea yenyewe.

Muweke kwenye katoni ambamo anaweza kusimama lakini hawezi kutandaza mabawa. Toboa matundu kabla hajaingia. Chini tandika sweta kuukuu au gunia, si gazeti, kwani huteleza na miguu ya kinda hutanuka. Usitumie kizimba cha waya. Manyoya hukatika humo.

Hatua ya 4: Kumrudisha

Mrudishe jioni siku hiyohiyo. Harufu ya mikono yako haitawafanya wazazi wamkatae. Panda ngazi, muweke ndani kabisa ya tundu alikotoka, si ukingoni, kisha ondoka. Kama kiota kimebomoka, funga sanduku la mbao au kikapu kigumu karibu na kilipokuwa, chenye matundu chini ili mvua isituame, na ukaze kwa waya. Akianguka tena na tena, huenda anaumwa au chakula ni haba. Acha kurudia, piga simu.

Hatua ya 5: Mgonjwa, au asiye na kiota

Wasiliana na KWS. Nakuru wako kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, Kisumu wako Impala Sanctuary. Kenya Bird of Prey Trust, wanaotibu ndege wawindaji, wako Naivasha. Usipange kumfuga: Sheria ya Wanyamapori ya 2013 hairuhusu bila kibali.

Ukisubiri gari, mfungie penye giza na kimya. Aliye uchi au mwenye vinyoya vyeupe tu hupoteza joto, kwa hiyo jaza chupa ya soda maji ya uvuguvugu, ivike soksi na umlaze kando yake.

Usimnyweshe maji, huingia kwenye mapafu. Maziwa na mkate havina faida yoyote. Nyama tupu pia ni mbaya kwa siku nyingi, kwa sababu bundi humeza panya mzima na kalsiamu anaipata kwenye mifupa. Asipoipata, miguu hupinda. Panya aliyekufa kwa sumu ndiye hatari kuliko vyote. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na hubaki ndani ya mzoga. Kama mtaa wenu unatega sumu na kinda amelegea, amepauka ndani ya mdomo au anavuja damu mdomoni, mwambie daktari hivyo mara moja.

Kuhusu tundu la silingi, usilizibe sasa. Mayai huatamiwa kama siku 30, na makinda hukaa karibu miezi miwili kabla ya kuruka. Ziba usiku, wote wakiwa wametoka, baada ya kukagua kwa tochi kwamba hakuna aliyebaki ndani.