Kuonekana wa maana kazini bila kujichosha bure (kwa sisi wa nyumba za wageni Lamu)

Mimi nimefanya kazi nyumba za wageni hapa Amu, mjini kwanza halafu kijiji cha Shela, mwaka wa 11 huu, na ile miaka ya mwanzo nilikuwa kama punda. Nafagia daka (baraza la mlangoni), nabeba masanduku kutoka jeti, napanda ngazi mpaka darini na majagi ya juisi, wa kwanza kufika wa mwisho kutoka, na sizeni ilipoisha tajiri (mwenye nyumba) akamuongeza mshahara mwenzangu ambaye mchana kutwa alikuwa amekaa darini na simu yake. Niliumia wallahi. Nikakaa nikamtazama huyo mwenzangu anafanya nini hasa, na nilichokiona ndicho nawaandikia, manake wadogo zetu wanaingia kazi hii kila sizeni na wanaumia vile vile.

Anza kwa kujua tajiri wako anaogopa nini. Wengi wenye nyumba Shela hawakai hapa, wako Ulaya ama Nairobi, na hofu zao hazizidi nne: mgeni ashuke kwenye ndege akose boti, maji yakatike mtu ana sabuni kichwani, pampu iungue, mgeni akaandike vibaya kwenye intaneti. Hakuna tajiri anayekosa usingizi kwa sababu daka limefagiwa mara moja badala ya mbili! Zile nne zikiwa mkononi mwako wewe ndio mtu wa maana, na kwa siku hazikuli hata saa moja.

Kila asubuhi saa moja tuma WhatsApp. Picha mbili tu, mita ya stima ionekane yuniti zilizobaki na tangi la maji, halafu mstari mmoja, "maji robo tatu, wageni 4 wanatoka kesho saa nne, boti ishapangwa". Basi. Usiandike hadithi wala usimsalimie mara tatu. Dakika tatu umemaliza, na yeye huko aliko anakunywa kahawa yake roho imetulia, na kila akifikiria nyumba yake anakuona wewe. Lakini tuma kila siku, hata siku ambayo hakuna kitu, ukituma Jumatatu ukaruka mpaka Ijumaa ni bora usingeanza.

Sasa hili la maji ya bahari ndilo lenye faida kubwa kuliko yote na nashangaa vijana wa hapa hapa wazawa hawalitumii. Mgeni hajui bamvua (maji yakijaa na kutoka sana) wala maji mafu (yakijaa na kutoka kidogo), yeye anataka tu kuogelea ama kwenda Takwa, yale magofu ya kisiwa cha Manda, na Takwa ukienda kwa kile kijito cha mikoko lazima maji yawe yamejaa, yakitoka boti inakaa matopeni na mgeni na watoto wake juani. Kwa hivyo shika hesabu hii kichwani: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa kama saa kumi jioni na kutoka kabisa kama saa nne asubuhi, halafu kila siku yanasogea mbele kama dakika 50, baada ya wiki hivi ni maji mafu na yanajaa asubuhi kama saa nne. Ukitaka uhakika muulize kepteni yeyote pale gatini. Halafu jioni kabla hujatoka mwambie mgeni, "kesho ogelea mchana, Takwa twende saa tisa", maneno mawili matatu tu, na hicho ndicho mgeni atakachokumbuka akienda kuandika, jina lako litatajwa na kitanda ulichotandika hakitatajwa (kitandike lakini).

Uwanja wa ndege uko Manda, ng'ambo, hapo usibahatishe. Weka namba za makepteni wawili, sio mmoja, mmoja akizima simu una wa pili. Miezi ya upepo wa kusi, Julai hasa, mkondo unachafuka na watu wanalowa, mtumie mgeni ujumbe kabla hajapanda ndege kwamba simu na kompyuta azifunge vizuri. Ujumbe huo andika mara moja, uhifadhi, uwe unautuma huo huo kwa kila mgeni.

Kitu kikiharibika usikimbilie kupiga simu "bosi pampu imekufa". Mpigie fundi kwanza, ujue bei, ndio umwambie tajiri pampu imekufa, fundi anakuja saa nane, bei ni hii, nimwambie aendelee? Kazi ni ile ile, simu mbili, ila hapo umempa jibu na sio mzigo.

Na kuna mambo usifanye, hapa nasema kwa uchungu. Usichukue kazi ya mpishi ukaitangaza kama yako, mwenzangu yule hakuwahi kufanya hivyo na ndio maana sikuweza kumchukia, akituma picha ya samaki anaandika jina la aliyempika. Usifiche namba za mafundi eti wakuhitaji wewe tu. Wala usizunguke na ufagio mkononi ukijifanya una kazi, tajiri akija mwenyewe anaona mara moja, na unachoka bure kuliko kufanya kazi yenyewe. Kazi isiyo yako nayo usiikubali kila mara, sema "hiyo nitaifanya kesho asubuhi" halafu kesho uifanye kweli.

Likizo yako chukua. Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 inakupa siku 21 za kazi kila mwaka zenye malipo na siku moja ya mapumziko kila wiki, sio hisani ya mtu. Iombe Mei, mvua inanyesha na nyumba tupu, na siku ya kuondoka mwachie mwenzako karatasi moja: namba za makepteni wawili, fundi wa pampu, tokeni za stima zinanunuliwaje, bamvua ni tarehe ngapi. Hiyo karatasi ipige picha umtumie na tajiri.