Kumlisha na kumbeba simbilisi

Jike langu la kahawia likisikia mfuko wa mboga unachakarika, hupiga mluzi nyumba nzima ikasikia. Lakini mboga ni kionjo tu. Chakula chenyewe ni nyasi kavu, ziwepo kutwa kucha, maana meno ya simbilisi hayaachi kukua na nyasi ndizo zinazoyasaga. Mwili wake haujitengenezei vitamini C, basi kila siku mkatie kipande cha pilipili hoho. Vitamini ya kutia kwenye maji siiamini, huharibika upesi. Vitunguu asiguse kabisa.

Kumbeba: kiganja kimoja chini ya kifua, kingine chini ya makalio, kisha mwegemeze kifuani kwako. Na usifuge mmoja peke yake. Majike wawili hupatana.