Unapiga udi au fidla na unataka masta Uingereza? Anza na chuo, skolaship ifuate

Nafundisha fidla hapa Zanzibar, na kila ikifika Novemba napata meseji ileile, "mwalimu nimesikia kuna Chevening, naaplai vipi", yaani ile skolaship ya serikali ya Uingereza, na roho inaniuma kwa sababu kwa mwanamuziki Novemba mara nyingi ishachelewa. Ndo maana naandika mapema.

Hatua ya 1. Angalia kozi inachukua muda gani. Chevening inalipa ada, tiketi ya ndege na hela ya kujikimu, ila kwa masta ya mwaka mmoja tu, na konsavatori (vyuo vya muziki) nyingi masta ya kupiga ala ni miaka 2, sasa ukijaza hiyo umejitoa mwenyewe. Wanataka pia digrii ya kwanza na masaa 2,800 ya kazi. Namba isikutishe, kujitolea nako kunahesabika, na anayefundisha masaa 20 kwa wiki anaifikisha ndani ya miaka 3.

Hatua ya 2. Konsavatori nyingi unaomba kupitia UCAS Conservatoires, mfumo wa mtandaoni wa maombi ya vyuo hivyo, na maombi ya muziki yanafungwa mwanzoni mwa Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza. Watu wanasubiri skolaship itoke ndo watafute chuo, jamani msifanye hivyo, ni vitu viwili tofauti na vinaenda pamoja.

Hatua ya 3. Vidio ya odisheni, hapa ndo penyewe. Rekodi Agosti. Mjini nawaambia wanafunzi waje baada ya swala ya alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza, feni tunazima hata kama tunatoka jasho, simu tunaiweka hali ya ndege ili isiite katikati ya bashraf (kipande cha ala tupu cha taarabu). Mikono yako ionekane, uso uonekane, na kila kipande kipigwe mwanzo mwisho bila kukata, ukikosea rudia chote. Tyuni tena kila baada ya kipande, joto letu linalegeza nyuzi haraka sana. Soma wanataka vipande gani, usipeleke taksimu (kupiga kwa kubuni papo hapo) tamu ya dakika 10 wakati wameomba vipande viwili vya zama tofauti.

Hatua ya 4. Insha za Chevening. "Napenda muziki tangu utotoni" kila mtu anaandika. Wewe sema umefundisha watoto wangapi, kikundi gani umekisimamisha. Na kwa kuwa ukimaliza lazima urudi nyumbani kwa angalau miaka 2, eleza utarudi kufanya nini, kwa jina la mtaa kabisa.

Hatua ya 5. Viza, wanataka cheti cha kipimo cha TB (kifua kikuu), kinadumu miezi 6, usipime mapema mno.

Ala sasa. Ukisafiri na udi au kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi), andikia shirika la ndege kabla ya kukata tiketi. Nyuzi za fidla legeza kidogo, usizitoe zote, kile kijiti cha ndani kitaanguka. Ukifika kule wakati wa baridi vyumba vinapashwa joto na hewa inakauka, na mbao zilizozoea unyevu wa pwani zinapasuka, kwa hiyo kabla hata ya koti nunua kifaa cha kuweka unyevu ndani ya kesi.