Jipe pole: zoezi la dakika tano msongo unapokubana

Watu wanaokuja kwangu kwa ushauri nasaha kuhusu msongo wa mawazo karibu wote wameshajaribu "kupumua". Walikaa, wakafumba macho, na baada ya muda mfupi wakajikuta wanawaza madeni. Kisha wakajisuta: "Hata kutulia tu kumenishinda." Hapo ndipo zoezi linapoharibika. Pumzi haina kosa, kosa lipo kwenye kule kujisuta. Kwa hiyo sitakaa sana kwenye pumzi. Nitakaa kwenye hatua ya nne, ambayo wengi huiruka kwa kuiona ya kitoto.

Huhitaji mkeka wala muziki. Fanya ukiwa umeketi, umesimama, au umejifungia chooni kazini (usicheke, kwa wengi ndiyo faragha pekee iliyopo).

Hatua ya 1: Tafuta msongo ulipokaa

Kabla ya kutuliza chochote, uulize mwili. Taya zimekazana? Mabega yamepanda? Tumbo limejikunja? Mwili ukihisi tishio humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo unakwenda mbio na misuli inajiandaa kupigana au kukimbia. Ni mpango mzuri ukifukuzwa na mbwa. Ukiwa umeketi unasoma ujumbe wa bosi, nguvu hizo hazina pa kwenda, zinabaki shingoni.

Ukishapaona, itaje hisia iliyopo: hofu, aibu, hasira, uchungu. "Nina stresi" haitoshi, neno hilo siku hizi ni gunia la kila kitu. Mwaka 2007 watafiti wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hisia kali huku wakipima ubongo wao. Waliozipa hisia hizo majina, amigdala yao, yaani sehemu ya ubongo inayopiga king'ora, ilipoa.

Hatua ya 2: Shusha pumzi

Kiswahili kinaijua siri hii tangu zamani: aliyepona jambo husema ameshusha pumzi. Nguvu iko kwenye kushusha. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, shusha taratibu ukihesabu hadi 6. Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde utapata pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Ukitaka kuhakikisha, weka vidole viwili penye mapigo kwenye kifundo cha mkono. Wengi huhisi mapigo yakikimbia kidogo wanapovuta na kupungua wanaposhusha. Hiyo ni kazi ya vagasi, neva ndefu inayotoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni.

Pumzi kumi zinatosha. Usijaze kifua kwa pupa, utapata kizunguzungu.

Wapo ambao kusikiliza pumzi huwazidishia hofu, hasa waliowahi kukabwa na hofu ya ghafla au kupitia mambo mazito. Ukiwa mmoja wao, achana na pumzi. Fumbua macho, kandamiza nyayo sakafuni, usikilize sauti zilizokuzunguka moja baada ya nyingine. Nalo ni zoezi kamili, si la waliofeli.

Hatua ya 3: Akili ikitoroka, irudishe

Na itatoroka. Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mafunzo yake ya umakinifu kwa wagonjwa huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, jambo alilofundisha lilikuwa kukiangalia kinachotokea sasa bila kukihukumu. Watu hushika nusu ya kwanza, ya pili wanaisahau. Ukigundua umepotea kwenye mawazo, sema "nawaza", kisha rudi. Ukirudi mara thelathini, umefanya zoezi mara thelathini.

Hatua ya 4: Jipe pole

Fikiria tunavyolitumia neno "pole". Mtu akijikwaa mbele yako, humuulizi kwanza kama kosa ni lake. Unampa pole. Akifiwa, akiugua, akitoka kazini amechoka, ni pole. Sasa kumbuka ulichojiambia wewe mara ya mwisho ulipokosea. Nimewauliza wengi swali hili, na majibu ni yaleyale: "Mjinga wewe." "Wenzako wanaweza, una nini?" Maneno ambayo wasingethubutu kumwambia hata jirani wasiyempenda.

Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, alianza kuandika juu ya jambo hili la kujipa pole mwaka 2003, akaligawa katika mambo matatu: kuyaona maumivu yalivyo bila kuyakuza, kukumbuka kwamba ni sehemu ya ubinadamu, na kujitendea wema. Mimi huyafanya kwa sentensi tatu, kiganja kikiwa kifuani:

"Hili linauma."

"Si mimi peke yangu." Wahenga walisema hujafa hujaumbika, na hapa methali hiyo ina kazi, maana msongo hupenda kukunong'oneza kwamba duniani umeharibikiwa wewe tu.

"Pole." Litaje jina lako baada yake, kwa sauti ambayo ungemwambia rafiki.

Wengi hunikatiza hapa: si ndiyo kujidekeza huku? Ninaelewa hofu hiyo, kwani kwetu "kujionea huruma" ni kukaa chini na kulalamika. Lakini anayelalamika husema "kwa nini mimi tu", na sentensi ya pili inalikana hilo waziwazi. Tena pole haifuti kosa. Aliyejikwaa akipewa pole bado atainuka mwenyewe, ila hatainuka huku akipigwa.

Mara za kwanza unaweza kulia, au kuhisi vibaya zaidi kuliko ulivyoanza. Nyumba inayoungua kwa ndani ukiifungulia mlango, hewa huingia na moto huruka. Huruma nayo inaweza kufanya hivyo kwa mtu aliyeikosa miaka mingi. Likitokea, rudi kwenye nyayo, au simama unawe uso, uishie hapo kwa siku hiyo.

Hatua ya 5: Jiulize unahitaji nini

Swali moja tu: "Sasa hivi nahitaji nini?" Huenda ni maji, usingizi, kumpigia mtu simu, au kukataa kazi ya ziada. Chagua kimoja kidogo ukifanye. Kama msongo unatokana na deni, au na mtu anayekunyanyasa, pumzi haitalipa deni wala kumzuia mtu huyo. Itakupa utulivu wa kupiga hatua inayofuata, na hatua hiyo bado lazima uipige.

Jifunze kwa usumbufu mdogo kwanza, kama foleni ndefu au simu isiyopokelewa, usianze na msiba. Fanya mara moja kila siku, kwa muda wa wiki mbili hivi, hata siku usiyo na msongo, ili siku ya dhoruba mwili uwe unaijua njia. Na kama usingizi umekukimbia kwa wiki kadhaa, kazi zako za kawaida zimekushinda, au umeanza kuwaza kujidhuru, usibaki na zoezi hili peke yako. Mwambie mtu leo, na umwone mtaalamu wa afya ya akili au daktari aliye karibu.