Namna ya Kusafiri kwa Basi kutoka Dar es Salaam hadi Arusha bila Kuachwa Njiani

Tiketi ikishaingia mkononi, isome saa yake mara mbili, kwani ikiandikwa 06:00 maana yake ni saa kumi na mbili asubuhi, ilhali macho yaliyozoea saa zetu huona saa sita mchana. Niliwahi kufika stendi ya Mbezi saa tano na nusu, nimeoga na kushiba, nikijisifu kwa kuwahi, nikaambiwa kwa upole kwamba basi langu huenda limeshafika Korogwe.

Siti ya kuchagua ni ya dirishani, upande wa dereva. Jua la asubuhi litakusumbua kidogo baada ya Chalinze, lakini upande huo ndio utakaokuonyesha milima ya Usambara, kisha ya Upare, na mawingu yakikuhurumia, Kilimanjaro yenyewe. Mzigo mkubwa uende kwenye buti. Sweta libaki nawe, hasa mwezi wa Juni na Julai, maana Arusha ya jioni haina huruma kwa mtu wa Dar.

Hatari kubwa iko kwenye kituo cha chakula, ambako abiria hupewa dakika chache na mabasi ya kampuni moja, yenye rangi moja, huegeshwa ubavu kwa ubavu. Kabla ya kushuka, shika kichwani herufi tatu za mwisho za namba ya gari, na umkariri uso utingo wako. Mimi sikufanya hivyo. Nilipanda na mfuko wangu wa chipsi kuku hadi siti namba 14, nikamkuta mama mmoja aliyejitanda kitenge, nikamwomba kwa heshima aniachie nafasi yangu. Akanitazama, akaitazama chipsi, akasema, “Mwanangu, sisi tunakwenda Dar.” Niliporuka chini, basi langu lilikuwa limeanza kusogea na utingo ananing’inia mlangoni akiniita kwa jina la shati langu: “We mwenye mistari!”

Machungwa ya dirishani yanunuliwe kwa fedha kamili, kwa sababu gari likiondoka chenji hubaki. Na ikitangazwa kuchimba dawa, shuka hata kama hujabanwa, kwa kuwa nafasi nyingine haijulikani itapatikana lini. Akina mama wengi hubeba khanga ya kujisitiri, na ni busara.

Mwenyeji wako mpigie simu mkifika Usa River, si kabla. Nilimpigia mjomba tukiwa Moshi, nikamwambia “tumeshafika”, naye akaondoka nyumbani papo hapo. Nilipotokea alikuwa anamalizia chai ya tatu, na bili akaisukuma taratibu upande wangu.