Kuichambua 4,294,967,297 kwa kalamu na karatasi

Namba hii huwa nawapa wanafunzi wanaojiona wepesi wa kugawanya, watafute vigawo vyake. Mwaka 1640 mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat aliamini ni namba tasa. Chukua karatasi na kikokotoo cha simu; kile kidogo cha nafasi 8 hakitaibeba.

Hatua ya 1. Ondoa zilizo rahisi. Ni witiri, haiishii na 5, na tarakimu zake zikijumlishwa ni 59, basi 3 haiingii. Hapa wengi hukimbilia 7, 11, 13 na kuendelea. Acha! Kipeuo chake cha pili kinapita 65,536 kidogo tu, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Utazeeka.

Hatua ya 2. Tazama imetokana na nini: ni 2³² + 1. Mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikipunguza 1, lazima kigawanyike kwa 64. Basi andika 65, 129, 193, 257, ukiongeza 64 kila mara, na ukate zisizo tasa. Hadi 641 zinabaki tano tu: 193, 257, 449, 577 na 641.

Hatua ya 3. Gawanya. Kwa 193 baki ni 109. Kwa 257 ni 2. Kwa 449 ni 325. Kwa 577 ni 288. Kwa 641 hakuna baki, na jawabu ni 6,700,417. Euler alifika hapa mwaka 1732, bila simu.

Hatua ya 4. Hakiki bila kugawanya. Hii ndiyo naipenda kuliko zote. Angalia 641 kwa macho mawili: ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴ (yaani 625 + 16). Tukihesabu mabaki ya 641 (namba mbili ni “sawa” zikitofautiana kwa kigawe cha 641), la kwanza linasema 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Pandisha pande zote kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Lakini la pili linasema 5⁴ ni sawa na −2⁴. Weka mahali pake: −2³² ni sawa na 1. Kwa hiyo 2³² + 1 haibakizi kitu.

Hatua ya 5. Je, 6,700,417 ni tasa? Vigawo vyake navyo vinafuata sharti la 64, na kipeuo chake hakifiki 2,589. Jaribu 641 tena, 769, 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113. Hakuna inayoingia (193 na wenzake walishakataliwa juu). Ni tasa.

Yaliyobaki ni mteremko. Vigawo vyote vya 4,294,967,297 ni vinne (1, 641, 6,700,417 na yenyewe), na jumla yake ni 642 × 6,700,418 = 4,301,668,356. Ukiiandika 4,294,967,297 kwa mfumo wa namba mbili (0 na 1 tu) unapata 1, sifuri 31, kisha 1. Kompyuta inayohesabu kwa biti 32 (nafasi 32 za 0 au 1) bila alama ya hasi huidondosha ile 1 ya mbele, na namba yetu nzima inageuka kuwa 1.