Sabufa kwenye chumba cha kupanga: namna ya kusikiliza muziki jirani akalala

Nyumba ya vyumba sita, korido katikati, bati moja juu ya wote. Ukiwasha sabufa saa nne usiku, jirani wa chumba cha pili hasikii mashairi wala kinanda. Anasikia dum, dum, dum, na wakati mwingine anaisikia kwenye mto wake kabla ya kuisikia masikioni. Hiyo dum ndiyo ya kushughulikia. Ukiidhibiti, muziki uliobaki unaweza kuufurahia kwa sauti nzuri tu, na hatua tatu za kwanza hazikugharimu hata shilingi.

Maelezo haya ni ya sabufa za 2.1 na 3.1, yaani lile boksi la besi pamoja na spika ndogo mbili au tatu. Mwenye amplifaya na spika kubwa za kusimama atafuata mambo yale yale.

Andaa futi ya kupimia, kipande cha godoro gumu chenye unene wa sentimita 5, kisu kikali, rangi ya kucha, na simu.

Hatua ya 1: Sikiliza ukiwa upande wa jirani

Usianze kununua kitu. Nenda kwa jirani mapema, mchana, umwambie: "Jirani, nataka kuipima sabufa yangu isikusumbue usiku. Naomba dakika kumi usiku, unisikilizie ukiwa kitandani kwako." Watu wengi hukubali kwa furaha, na ombi hilo peke yake hupunguza nusu ya ugomvi.

Pima usiku, mtaa ukiwa umetulia na feni imezimwa. Mchana bodaboda na feni hufunika besi, kwa hiyo kipimo cha mchana kitakudanganya. Chagua wimbo wenye ngoma nzito, singeli au amapiano, uuache ukipiga, kisha nenda wewe mwenyewe ukasikilize: kwanza katikati ya chumba chake, halafu kichwani mwa kitanda chake. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili inaweza kukushangaza, kwa sababu besi hujikusanya kwenye kuta na pembeni, na vitanda vingi vimeegeshwa hapo hapo.

Programu za simu za kupima desibeli, yaani ukubwa wa sauti, zitumie kulinganisha kabla na baada, basi. Nyingi hupima kwa kipimo cha A, ambacho hupunguza besi ya hezi 50 (hezi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde; ikiwa ndogo, sauti ni nzito) kwa desibeli 30 kabla ya kuionyesha kwenye kioo. Simu inaweza kukuandikia 35 huku ukuta unatetemeka. Kama programu ina kipimo cha C, ambacho hakiipunguzi besi hivyo, chagua hicho. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaweka desibeli 45 mchana na 35 usiku ndani ya nyumba za makazi, na usiku wao unaanza saa 2:01. Namba hizo nazo ni za kipimo cha A, kwa hiyo unaweza kuwa ndani ya sheria na jirani asipate usingizi.

Hatua ya 2: Toa sabufa kwenye kona

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko hatua nyingine zote.

Chumba cha kupanga cha kawaida ni mita 3 kwa 3. Sauti husafiri karibu mita 348 kwa sekunde katika joto letu, na chumba cha mita 3 huvuma chenyewe kwenye sauti ambayo nusu ya wimbi lake inaenea ukuta hadi ukuta: 348 gawanya kwa 6, unapata hezi 58. Kwa kuwa chumba ni mraba, urefu na upana vyote vinavuma kwenye hezi hiyo hiyo, na hapo ndipo ngoma ya miziki mingi inapogonga. Ukiweka sabufa konani unauchochea mvumo huo pande zote mbili kwa pamoja. Zaidi ya hapo, kona ina sakafu na kuta mbili zinazoirudisha besi mbele, na huo ukuta wa ziada peke yake unaweza kuongeza desibeli hadi 6.

Fanya hivi:

1. Chagua ukuta ambao jirani hayuko nyuma yake: wa nje, au wa upande wa korido.
2. Pima katikati ya ukuta huo. Kwa chumba cha mita 3, ni mita 1.5 kutoka kila kona. Weka sabufa hapo, sakafuni. Mvumo wa upande huo wa chumba hauchochewi ukiwa katikati.
3. Leta kiti chako, au kichwa cha kitanda, karibu na sabufa, kati ya sentimita 50 na mita 1.
4. Spika ndogo ziweke kwenye usawa wa masikio, umbali wa sentimita 80 hivi kutoka kwako, na nafasi kama hiyo kati yake. Zielekeze usoni kwako.

Namba 3 ndiyo watu wanaipuuza. Mahali pa wazi, kila unapopunguza umbali kwa nusu unapata desibeli 6 zaidi. Chumbani faida hiyo ni ndogo kidogo kwa sababu kuta zinarudisha sauti, lakini bado inatosha. Wewe unasikia besi iliyoshiba, na kitufe kiko chini kuliko ulivyozoea. Jirani umbali wake haujabadilika, kwa hiyo anapata pungufu lote.

Usiipandishe sabufa juu ya kabati au meza ya mbao. Mbao itaimba pamoja nayo, na vikombe vitagongana.

Hatua ya 3: Kata besi ya chini kabisa, acha besi ya kati

Nyuzi nene ya gitaa la besi hutoa hezi 41. Pamoja nayo hutoka 82, 123, 164 na kuendelea juu. Sikio likizipata hizo za juu, ubongo hujazia ile 41 wenyewe; ndiyo maana unaitambua besi ya rumba hata kwenye redio ndogo ya mkononi. Ile 41 hadi 60 ndiyo inayopenya kwa jirani. Ikate, na bado utaufuata mstari wa gitaa mwanzo hadi mwisho.

Kwenye sabufa, shusha kitufe cha BASS hadi sifuri. Panga sauti ya jumla kwa spika ndogo mpaka uridhike na mwimbaji. Sasa ndipo upandishe besi taratibu, uishie pale unapoanza kuhisi gitaa lipo. Wengi hufanya kinyume: wanaanza na besi, halafu wanaongeza sauti ya jumla ili mwimbaji asikike juu yake.

Kwenye simu ya Android, ikwalaiza ya kawaida, yaani sehemu ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba, ina vijiti vitano vya hezi: 60, 230, 910, 3600 na 14000. Shusha cha 60 hadi −6 au −9, pandisha cha 230 kwa +2, vingine viache. Chumba chako kinavuma kwenye 58, kwa hiyo kijiti cha 60 kimekaa mahali pake hasa.

Zima LOUDNESS, XBASS na kila kitufe kingine cha kuongeza besi. Vipo kwa sababu ya kweli: mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Laboratories, maabara ya utafiti ya Marekani, walionyesha kwamba sikio hupoteza besi haraka kuliko sauti nyingine pale sauti inaposhuka. Ndiyo maana ukipunguza sauti usiku unahisi muziki umekonda, na mkono unakwenda wenyewe kwenye BASS. Dawa ya hilo ni kusogea karibu na sabufa.

Besi ikiwa bado nyingi, angalia tundu la hewa kwenye boksi. Viringisha soksi safi uisukume mdomoni mwa tundu, iwe imelegea na mkia wake uonekane nje. Besi ya chini itapungua na ngoma itasikika kavu zaidi. Fanya hivyo kwa sauti ya chini tu, na kama amplifaya imo ndani ya boksi hilo hilo, gusa mgongo wake baada ya nusu saa. Ukiwa wa moto kuliko kawaida, toa soksi.

Hatua ya 4: Miguu ya godoro

Kama unakaa ghorofani, zege huichukua mtikisiko wa boksi na kuupeleka kwa wa chini. Kama uko chini na sakafu imelala juu ya udongo, hatua hii itakusaidia kidogo sana, iruke.

Kata vipande vinne vya godoro, kila kimoja sentimita 8 kwa 8, unene 5. Weka chini ya pembe nne za sabufa. Kwa sabufa ya kilo 6 hivi, vipande vizame kati ya milimita 5 na 10. Pima kwa rula pembe zote. Visipozama, ni vigumu mno kwa uzito huo, vikate viwe vidogo. Vikilala kabisa, vikate vipya vikubwa zaidi. Vikizama kidogo mno, mtikisiko wa besi unaanza kupita.

Vipande vya kandambili, ambavyo wengi huvitumia, ni vigumu mno. Vinazuia boksi lisiteleze na kulia kwenye vigae, mtikisiko wa besi unapita kama kawaida.

Kama koni ya sabufa yako, ile duara inayotikisika, inatazama chini, vipande visiizibe.

Hatua ya 5: Nyufa

Mlango wa mita 2 kwa sentimita 80 wenye uwazi wa sentimita 2 chini yake una asilimia 1 ya eneo lake ikiwa wazi. Mlango huo hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata ungekuwa wa chuma. Funga mpira wa mlango chini na ukanda wa sponji kwenye fremu. Kwa bei ndogo zaidi, shona mfuko wa kitambaa wenye urefu wa sentimita 85, jaza mchanga mkavu, uulaze mlangoni usiku. Chungulia pia matundu ya nyaya ukutani. Yazibe kwa saruji au silikoni.

Dirisha la luva huvuja kila mahali. Pazia zito halizuii besi. Kama dirisha lako linatazamana na la jirani, kata plaiwudi ya milimita 18 ienee kwenye fremu, bandika sponji pembeni, uwe unaipachika ukisikiliza na kuitoa ukimaliza. Kama chumba hicho ndicho jiko lako, usizibe chochote wakati mkaa unawaka. Gesi yake haina harufu, na inaua.

Hatua ya 6: Dari

Ukuta wa tofali za inchi sita zilizojaa una uzito wa karibu kilo 300 kwa mita ya mraba. Bodi ya jipsamu ya milimita 9 ina kama kilo 7. Katika nyumba nyingi za kupanga ukuta unaishia kwenye dari, na juu ya hapo ni uwazi mmoja wa paa kwa vyumba vyote. Sauti inapanda kupitia kilo zako 7, inatembea chini ya bati, inashuka kupitia kilo 7 za jirani. Kwa hesabu ya uzito, bodi hiyo huzuia karibu desibeli 30 kwenye hezi 1000, lakini 10 tu kwenye hezi 100. Ndiyo maana jirani anapata ngoma bila maneno.

Tiba kamili ni kupandisha kozi za tofali juu ya ukuta wenu wa kati hadi kwenye bati. Chumba cha mita 3 chenye uwazi wa wastani wa mita 1 kinahitaji tofali kama 30, kwa idhini ya mwenye nyumba na fundi atakayehakikisha ukuta wa chini unabeba, na umeme uzimwe kwanza kwa sababu nyaya hupita huko juu. Ziba pia mapengo ya mikunjo ya bati. Kama hilo haliwezekani, ongeza bodi ya pili ya jipsamu chini ya ile ya kwanza, viungo vipishane, ukingo wote upigwe silikoni. Uzito ukiongezeka maradufu unapata takriban desibeli 6.

Trei za mayai ukutani ni kupoteza nguvu zako. Zinapunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba chako, kwa jirani haibadiliki kitu, na zinashika moto haraka. Godoro la sponji ukutani lina kasoro hizo hizo.

Hatua ya 7: Hedifoni kwa saa za usiku sana

Tumia za kufunika sikio lote, za waya, ukiangalia filamu: za Bluetooth nyingi huchelewesha sauti nyuma ya midomo ya wahusika. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Mtu aliyekaa pembeni yako akiusikia wimbo ukiwa umezivaa, punguza.

Weka alama

Ukishamaliza, mrudie jirani, piga wimbo ule ule wa kwanza, mpatane yeye akiwa kitandani. Weka nukta ya rangi ya kucha kwenye kitufe cha sauti na nyingine kwenye BASS: nyekundu kwa mchana, nyeupe kwa usiku. Sabufa ya rimoti, andika namba zake kwenye karatasi ubandike juu ya boksi. Wimbo mpya unaweza kuwa na besi nzito kuliko ule mliopimia, kwa hiyo ukibadilisha orodha usiku, shusha kwanza ndipo ubonyeze.

Ukienda kulala, zima kwenye soketi, usiishie kwenye rimoti. Umeme ukikatika na kurudi saa tisa usiku, sabufa nyingi hujiwasha zenyewe kwa sauti ya kiwandani na kutangaza "Bluetooth mode" nyumba nzima isikie.